Stetasi ya Saa Kumi na Mbili

REHEMA: Karibuni tena wapendwa. Tupo sebuleni kwa dada, feni inalia kidogo, mtatuvumilia. Dada, leo toa ile habari ya kopo.

MAMA SALMA: (anacheka) Ya kopo! Haya. Mimi na mwenzangu tunauza virutubisho, kampuni moja, timu moja. Saa kumi na mbili asubuhi nafungua simu, nakuta stetasi yake. Kopo juu ya meza, chini kaandika: "Kisukari kwaheri, achana na sindano." Nikakaa kitako kitandani.

REHEMA: Sindano kabisa?

MAMA SALMA: Sindano. Mtu anayeishi kwa insulini akiiacha, siku chache tu anaweza kuzidiwa.

REHEMA: Na kanuni zenyewe zinakataza.

MAMA SALMA: Tulisaini wote, hakuna kusema bidhaa inatibu. Serikalini vilevile. Tangu Julai 2019 chakula na vipodozi vimehamia TBS, shirika la viwango; TMDA, mamlaka ya dawa, wakabaki na dawa na vifaa tiba. Kopo letu ni la upande wa chakula. Ukisema linatibu kisukari, umeligeuza dawa kwa mdomo wako.

REHEMA: Mimi ningepiga skrinshoti, kwenye grupu la timu, paap!

MAMA SALMA: Najua. Ndiyo maana sikukupigia.

REHEMA: Dada jamani!

MAMA SALMA: Grupu lina watu 60. Ukimwaibisha pale, stetasi hataifuta, ataiacha hapohapo kwa hasira. Halafu niseme kweli, mwezi uliopita alinichukulia mteja. Mteja wa miaka mitatu! Nikajiuliza, hivi naenda kwa ajili ya wagonjwa au naenda kulipa kisasi?

REHEMA: Ukajijibuje?

MAMA SALMA: Vyote viwili. Nikaenda hivyohivyo. Ingekuwa kapunguza bei tu, ningelala nalo siku mbili tatu nipoe. Hili halilaliki. Saa mbili niko kwake, namkuta anafunga ubuyu kwenye vifuko. Nikachukua kijiko nikasaidia. Nikamuuliza, "Mwenzangu, yale maneno ya asubuhi umeyatoa wapi?" Akaniangalia. "Kwani nimeua mtu? Wewe bado una kinyongo cha yule mteja."

REHEMA: Kakupata.

MAMA SALMA: Kanipata barabara. Nikamwambia ndiyo, liliniuma, na hilo tutaliongea siku yake. Lete kopo. Nyuma ya kopo maandishi madogo kama sisimizi, ikabidi aazime miwani yangu. Akasoma, "Bidhaa hii si dawa." Akanyamaza. Kisha akanipa simu yake niangalie. Maneno yote yale katumiwa na aplaini wetu, yule aliye juu yetu kwenye timu, yeye kabandika kama yalivyo.

REHEMA: Aplaini huyuhuyu anayetufundisha kanuni kila Jumamosi?

MAMA SALMA: Huyohuyo. Mimi nimetoka kwangu kumhukumu tarishi.

REHEMA: Naye mkamfuata?

MAMA SALMA: Yule anakula pointi za mauzo yetu, ukimfuata peke yako anakumaliza. Tuliiandikia kampuni, majina yetu sote wawili, na picha ya stetasi. Wiki ya pili hii, kimya.

REHEMA: Na stetasi?

MAMA SALMA: Aliifuta palepale. Lakini 41 walishaiona. Tukaacha ubuyu, tukapitia jina moja moja, nani ana kisukari, nani anamuuguza mtu. Tulipofika kwa mama mmoja, mwenzangu akabadilika uso. Akampigia, akaweka spika. Mama wa watu anasema, "Nimo kwenye daladala nakuja kwako, mwanangu. Ya leo asubuhi sijachoma."

REHEMA: Ya Rabi.

MAMA SALMA: Tukamwambia ashuke, apige simu kliniki anakotibiwa wamwelekeze, kopo asahau. Akauliza, "Sasa nauli yangu?" Mwenzangu akamtumia kwa simu, na ya kurudia.