Banda lako linamzuia kuku, halimzuii kicheche

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sogeeni kivulini huku. Habari za chakula na soko mshaambiwa na wenzangu asubuhi, mimi sirudii. Nimekuja na lile neno langu la siku zote, mlionisikia Kihonda mwaka jana mnivumilie tu. Nyie mnajenga banda ili kuku asitoke, mnyama asiingie hamkumfikiria kabisa.

Nilikuwa na mitetea 14. Alfajiri moja naenda kufungulia, kimya. Nyie mnajua, kuku ukigusa komeo tu wanaanza fujo, siku hiyo kimya kabisa mpaka nikasita. Kufungua hivi, 11 wako chini, shingo zimetobolewa, damu kidogo tu, na hakuna aliyeliwa isipokuwa mmoja hana kichwa. Watatu wako juu kwenye fito wametoa macho. Shemeji yangu akaja akaangalia akasema hii sio kazi ya mnyama, mnyama anakula, huyu kaua kaacha, shemeji nenda kwa mtaalamu. Nikamwambia mtaalamu wa mifugo kata nzima si ndo mimi, niende wapi? Lakini mtaa ulishaanza kumwangalia vibaya bibi wa watu jirani yangu, mpaka akaacha kuja kuomba moto.

Sasa sikilizeni. Huko porini mnyama akikamata ndege mmoja wengine wanakimbia, habari imeisha. Ndani ya banda hawana pa kwenda, wanapiga mabawa, wanapiga kelele, na kila anayerukaruka mbele ya pua yake anamng'ata, anaendelea tu mpaka kutulie. Hajatumwa na mtu huyo.

Usiku wa pili wale watatu nikawalaza jikoni kwenye tenga, mle bandani nikachekecha jivu sakafuni kama unavyonyunyiza unga kwenye kibao cha chapati, maana aliyefaidi jana lazima arudi leo. Asubuhi nakuta nyayo ndogo, vidole vitano, kucha za mbele zimechora jivu, na harufu hiyo sisemi. Kicheche. Mnacheka nini? Nasema yule wa miguu minne, mweusi mwenye michirizi myeupe mgongoni! Mlango wangu una kufuli kubwa la hela nyingi, halafu chini ya mlango uwazi wa vidole vitatu. Vitatu tu, hivi. Na nywele zake zimenasa kwenye kichwa cha msumari. Mwizi wa kufuli nimemzuia, wa kupita chini nimemwachia njia.

Kwa hiyo ukitoka hapa pima kwa vidole. Mlango, dirisha, pale bati linapokutana na ukuta, maana kanu, yule kama paka mwembamba wa madoadoa, anapanda huyo, na kichwa kikipita mwili wote unafuata. Na ule wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita, jina lake linajieleza, ni wa kuku. Mbwa anauchana kwa meno, panya anapita bila kuinama. Chukua weldimeshi, ule wavu wa nyaya ngumu zilizochomelewa, wa tundu la nusu inchi. Najua, mtasema ghali. Nani kakwambia uzungushie banda zima? Weka madirishani na chini nusu mita, juu endelea na mabanzi yako, ila yabanane. Nje uilaze chini kuzunguka banda, upana wa mkono wako kutoka kwapani mpaka vidoleni, ubane kwa mawe, majani yataota juu. Wachimbaji wote wanaanzia pale ukuta unapogusa ardhi, hawana akili ya kurudi nyuma hatua moja wachimbie huko.

Mwalimu pale naona anataka kusema mdondo, ule ugonjwa wa kuku, unaua zaidi. Ndiyo mwalimu, unaua zaidi, ndo maana tone moja la chanjo jichoni kila miezi 3, na hapa hakuna asiyejua. Sasa umechanja, umelisha, kuku kanenepa, halafu unamwachia kicheche. Si umemchanjia kitoweo mwenzio?

Na wewe unayewaza sumu kwenye nyama, acha kabisa, atakufa kwanza mbwa wako. Halafu nguchiro huyohuyo unayemlaani anakulia panya na nyoka shambani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya harakaharaka. Mwewe: vifaranga mwezi wao wa kwanza tangu kuanguliwa wakae chini ya tenga au nyavu kuukuu ya samaki juu ya uwanja wao. Hiyo inasaidia na kwa kunguru, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar toka India miaka ya 1890, sasa wanazidi kuingia bara. Kenge: okota mayai mchana, usisubiri jioni. Siafu, hao wanamla mpaka mtetea anayeatamia maana hataki kuacha mayai, banda liwe la miguu, kila mguu kwenye kopo la oili chafu. Chatu siku nyingine.

Nina dakika mbili? Basi mama mwenyeji wetu samahani sana, umetupikia vizuri, ila banda lako nimeliangalia tangu nimekaa hapa. Njooni wote. Mwalimu, inama, ingiza vidole chini ya mlango. Vingapi? Vinne! Mama, leo kuku wanalala jikoni.