Farasi Asiyeona Kiu: Maji Safarini na Kwenye Mashindano

Mabibi na mabwana, naomba nianze na ndoo moja. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimteremsha farasi jike kutoka garini baada ya safari ya saa saba, jasho limemkaukia shingoni na kuacha michirizi myeupe ya chumvi, nikamwekea ndoo ya maji safi. Aliingiza pua, akapuliza, akageuza kichwa. Nikajisemea kwamba hana kiu, nikaenda zangu kulala. Usiku wa manane nilimkuta anagaagaa na kuutazama ubavu wake, kwani chakula kilichokosa maji kilikuwa kimeganda na kukwama katika utumbo mpana. Alipona, ila kosa lilikuwa langu: niliiamini kiu yake.

Kiu ya farasi haiaminiki, na sababu yake imo katika jasho. Jasho la binadamu lina chumvi kidogo kuliko ile iliyomo katika damu yake, hivyo anapotoka jasho damu yake hubaki na chumvi nyingi kuliko kawaida, ubongo ukang'amua hilo na kumwamuru anywe. Jasho la farasi, kinyume chake, hubeba sodiamu, kloridi na potasiamu kwa wingi unaolingana na ule wa damu au hata kuuzidi. Maji na chumvi vikiondoka pamoja, damu haikolei, na ubongo haupati habari yoyote. Farasi wa kilo 500 anayefanya kazi ngumu kwenye joto anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 za jasho kwa saa moja, kisha akasimama mbele ya ndoo kama aliyetoka kunywa sasa hivi.

Kwa hiyo anayetaka farasi wake anywe hana budi kwanza kumrudishia chumvi. Njia ninayoipenda ni kumpa, mara tu anapomaliza kazi, ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi kiasi cha gramu 9 kwa kila lita, ikifuatiwa na maji matupu. Akinywa ya kwanza, kiu huamka, na ya pili huyanywa kwa hamu. Wengine hukataa maji ya chumvi katakata, na hao wasilazimishwe. Ndoo ya maji matupu iwepo daima. Kumsukumia farasi aliyekaukiwa chumvi kavu mdomoni bila maji ni kumdhuru, kwa maana chumvi hiyo huyavuta maji ya mwilini kuyapeleka tumboni.

Ile imani kwamba farasi mwenye joto asinyweshwe mpaka apoe imewanyima wengi maji katika dakika zile zile ambazo wangekunywa vizuri zaidi. Mnyweshe, kisha mtembeze.

Safarini, simama kila baada ya saa tatu au nne, umpe maji na kumfungulia kamba ainamishe kichwa, kwani kichwa kilichofungwa juu kwa muda mrefu huzuia uchafu kutoka kwenye njia ya hewa na kualika maambukizi ya mapafu. Majani makavu yaloweshwe kabla ya kupewa. Kila konzi iliyolowa ni maji anayoyala bila kujua. Maji ya ugenini humtia shaka kwa harufu yake, basi mzoeshe nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari, maji yaliyotiwa juisi kidogo ya tufaha, ili harufu hiyo aikute tena popote mtakapofika.

Na mnapomkagua, msitegemee sana kuvuta ngozi ya shingo, ambayo kwa farasi mzee hudanganya. Funua mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukinata kidoleni, mtoeni mashindanoni na mwiteni daktari wa mifugo, hata kama ndoo bado imejaa na farasi mwenyewe anaonekana ametulia.