Robo ni Jina, Tatu ni Idadi

Walimu wenzangu, mtoto anayetumwa dukani sukari robo kilo analijua neno robo kabla hajaiona 1/4 ubaoni. Tunamvuruga sisi tunapomsomesha "moja juu ya nne". Anasikia namba mbili zilizopandana, na kila moja ataishughulikia peke yake. Ndipo anapoandika 1/2 + 1/3 = 2/5.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Tunasema robo tatu kama tunavyosema vitabu vitatu: jina la kitu kwanza, idadi baadaye. Asili (namba ya chini ya sehemu) ndiyo jina, kiasi (namba ya juu) ndicho idadi. Vipindi viwili vya mwanzo msiandike chochote, semeni tu. Robo moja na robo mbili ni robo ngapi? Robo tatu. Hapo hakuna atakayejumlisha nne na nne.

Kisha kateni karatasi ya manila vipande vya sm 24 kamili. Kwa urefu huo nusu ni sm 12, theluthi 8, robo 6, sudusi 4, thumuni 3, hakuna desimali. (Sudusi, yaani moja ya sita, haisikiki sana siku hizi, wafundisheni hivyo hivyo.) Chapati ingojee. Kukata duara theluthi tatu zilizo sawa humshinda hata mtu mzima, na zisipolingana si theluthi tena. Nusu, robo na thumuni zikunjwe ncha kwa ncha. Theluthi na sudusi zipimwe kwa rula. Anayeanzia ukingoni mwa rula badala ya kwenye 0 atapata kipande cha kwanza kirefu na cha mwisho kifupi.

Anayedai 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa 8 inaizidi 4, aweke thumuni juu ya robo aone.

Sasa nusu na theluthi zilazwe zikifuatana: sm 20. Tuziite nini? Robo 3 hazifiki, robo 4 zinazidi. Sudusi 5 zinaenea sawasawa. Nusu ni sudusi 3, theluthi ni sudusi 2; hapo ndipo 3/6 + 2/6 = 5/6 iandikwe. Na ile 2/5? Ni sm 9.6, fupi kuliko nusu peke yake. Mwacheni mtoto aligundue hilo mwenyewe kwa rula.

KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote) ije wiki inayofuata, mtoto akishachoka kuitafuta kwa vipande.