Duara kwenye sahani ya maabara

YONA: Mbukwenyi, wasikilizaji! Hapa ni Yona, niko na dada yangu Nyemo. Leo nataka anieleze ile picha aliyonitumia kwenye simu. Sahani ndogo, ndani kitu chekundu kama damu iliyoganda, juu yake viduara vyeupe.

NYEMO: Karibuni. Kile chekundu ni agari, aina ya jeli, iliyochanganywa na damu, chakula cha bakteria. Na bakteria wenyewe ni Streptococcus mutans, wale wanaokula sukari mdomoni na kutoa asidi inayotoboa jino. Kuna daktari wa Uingereza, Clarke, aliwaeleza mwaka 1924.

YONA: Sasa unawafuga wa nini?

NYEMO: Ili nijue dawa ya kuzibia jino inawafanya nini. Ukizibwa jino, kaka, bakteria wa kwenye shimo hawamaliziki wote. Wapo wanaobaki chini. Kwa hiyo nawapaka kwenye sahani kwa pamba, natoboa vishimo vya milimita sita, kila kimoja nakijaza dawa yake. Kompoziti, ile ya rangi ya jino, hapa; glasi ayonoma, saruji ya unga wa kioo na asidi, pale; na ile saruji ya zinki na mafuta ya karafuu. Kingine naweka klorheksidini, dawa ya kusukutulia mdomo, kwa sababu hiyo najua inaua. Ikishindwa hiyo, kosa ni langu, narudia.

YONA: Halafu unaziweka kwenye joto.

NYEMO: Nyuzi 37, kama mdomoni. Ila kwanza nazipanga ndani ya mtungi wa kioo, nawasha mshumaa juu yake, nafunika. Mshumaa unawaka kidogo, unafifia, unazimika wenyewe.

YONA: Mshumaa kabisa? Huu huu wa dukani?

NYEMO: Huu huu. Unapunguza oksijeni na kuacha kabonidayoksaidi, na hawa wadudu wanaipenda. Kila nikiuona ukizimika najua sasa kazi imeanza. Kesho yake au keshokutwa nafungua, nachukua rula. Bakteria wakiwa wameshindwa kuota kuzunguka kishimo, panabaki duara tupu. Ndiyo ile uliyoiona.

YONA: Na lile kubwa kuliko yote lilikuwa la nani?

NYEMO: Karafuu. Ukifungua tu mtungi, chumba kizima kinanukia pilau.

YONA: Basi jibu limepatikana! Tuzibwe kwa karafuu.

NYEMO: Hapo ndipo watu wengi wanakosea, na mimi mwaka wangu wa kwanza nilikosea hivyo hivyo. Duara linapima kile kinachotoka kwenye dawa na kusambaa ndani ya agari. Saruji ya karafuu inatoa yujenoli nyingi, ile kemikali kali ya karafuu, ndiyo maana inashinda. Lakini ni laini, inalika. Madaktari wanaitumia kuziba kwa muda tu. Kuna dawa isiyotoa kitu chochote, duara lake sifuri, lakini inaweza kuziba shimo vizuri hadi sukari isiwafikie waliobaki chini. Sahani haiwezi kukuonyesha hilo.

YONA: Kompoziti je? Maana ndiyo wanayoisifia kwa rangi.

NYEMO: Rangi yake nzuri kweli, na ni ngumu. Lakini ikishaganda, kwenye sahani yangu bakteria wanaota mpaka ukingoni. Glasi ayonoma iko katikati. Ikiwa mbichi ina asidi na inatoa floraidi, duara linaonekana. Ikikaa siku kadhaa, duara linapungua. Ila ina jambo moja ninalolipenda sana: ukipiga mswaki na dawa yenye floraidi, inaifyonza, kisha inaitoa tena kidogo kidogo.

YONA: Kama mtungi unaojazwa.

NYEMO: Hasa. Na haihitaji mashine. Njia ya kusafisha jino kwa vifaa vya mkono kisha kuziba kwa saruji ya namna hii ilianzia hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Haitaki umeme wala kile kikeekee cha meno. Kwa vijiji vyetu vya huku, hilo ni kubwa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza glasi ayonoma kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

YONA: Na bado mtu wa kwetu akiumwa jino anasema, "Nikang'oe tu."

NYEMO: Inaniuma sana hiyo. Jino lenye kitundu kidogo, bado zima, linang'olewa kwa sababu mtu alisubiri mpaka akakosa usingizi.

YONA: Mama yangu huweka karafuu kwenye jino. Nimwambie aache?

NYEMO: Shikamoo yake kwanza. Mwambie maumivu yanatulia kweli, lakini shimo linaendelea kuchimbika kimya kimya. Na mafuta yake yale makali asimwage kwenye fizi, yanaunguza. Jino lenyewe ni lipi?

YONA: La juu, kushoto. Tangu kabla ya mavuno.

NYEMO: Basi Jumatatu mlete mjini, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu.