6174: anza na namba unayotaka, utaishia hapa

Karibu tena. Leo tunahitaji kalamu, karatasi, na kutoa kule kwa kukopa tulikofundishwa shule ya msingi. Kikokotoo kiache, kitakunyima raha.

Andika namba ya tarakimu nne. Zisiwe zote sawa kama 3333, maana hiyo inaishia sifuri papo hapo. Mimi nachukua 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika.

Panga tarakimu zake kuanzia kubwa: 9611. Chini yake anzia ndogo: 1169. Sasa toa. Moja kutoa tisa haiwezekani, nakopa kwa jirani: kumi na moja kutoa tisa, mbili. Jirani kabaki na sifuri, naye inabidi akakope. Jibu ni 8442.

Jibu hilo nalo lipange upya, toa tena: 8442 kutoa 2448 ni 5994. Halafu 9954 kutoa 4599, 5355. 5553 kutoa 3555, 1998. 9981 kutoa 1899, 8082. 8820 kutoa 0288, 8532.

Hatua ya saba: 8532 kutoa 2358. Tumepata 6174. Endelea kama unabisha: 7641 kutoa 1467... 6174 ileile. Haitoki tena.

Tahadhari ni moja tu, sifuri ya mbele. Ukianza na 2111, unatoa 1112, unabaki na 999. Ukiiacha hivyo, umekwisha: 999 kutoa 999 ni sifuri. Iandike 0999, panga 9990, safari inaendelea.

Aliyeliona jambo hili ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India, mwaka 1949. Siri yake iko hivi. Chukua tarakimu kubwa kabisa, toa ndogo kabisa, zidisha kwa 999. Mbili za katikati, tofauti yake zidisha kwa 90. Jumlisha, hilo ndilo jibu la kutoa kwako. Jaribu kwenye 7641: 7 toa 1 ni 6, mara 999 ni 5994, 6 toa 4 ni 2, mara 90 ni 180. Jumla, 6174! Na kwa kuwa tofauti hizo ni chache, namba zote 9990 unazoweza kuanza nazo (ukihesabu na zinazoanza na sifuri, kama 0999) zinatoa majibu ya kwanza 54 tu. Yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, mwenye subira ayafuate yote. Njia zote zinaingia 6174, na hakuna inayozidi hatua saba.

Ninachokipenda zaidi ni hiki: hata ukikosea kutoa, utafika. Kosa lako nalo ni namba ya tarakimu nne, kwa hiyo zisipokuwa zote sawa, umezunguka tu. Kama hutaki kuzunguka, kila jibu jumlisha tarakimu zake. Lazima jumla igawanyike kwa 9. Ile 5355 inatoa 18, iko salama. Hata 6174 inatoa 18, na ukiigawa kwa hiyo 18 unapata 343, yaani saba mara saba mara saba. Hilo halihusiani na mchezo wetu, ila nimeshindwa kulipita.

Sasa zamu yako, tumia mwaka wako wa kuzaliwa. Ukivuka hatua ya saba hujafika, rudi juu taratibu: kuna mahali ulisahau kukopa.