Maryland Imeruhusu Wauguzi na Wakunga Kutoa Huduma Hii. Nani Anawafundisha?

Habari za huko, ndugu zangu. Mada ya leo ni moto, najua, na wapo watakaoifunga video hapa hapa. Mnaobaki, hasa manesi, wakunga na matabibu, mjue sikuja kubishania uhalali au uharamu wa kutoa mimba. Nina swali moja: sheria ikishamruhusu mtu kufanya kazi hii, atafundishwa wapi, na kwa pesa za nani?

Hapa Maryland, Marekani, mpaka katikati ya 2022, kazi hiyo ilikuwa ya daktari peke yake. Mwaka huo bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwaongeza wauguzi wa ngazi ya juu (wale wanaopima na kuandika dawa wenyewe), wakunga wenye leseni na wasaidizi wa madaktari. Gavana Larry Hogan akaipigia kura ya turufu, wabunge wakaitengua Aprili 9, na Julai 1 ikaanza kazi. Kilichonivutia ni kwamba ndani ya sheria hiyo hiyo waliandika mafunzo: dola milioni 3.5 kila mwaka.

Ila ulazima wa kutenga pesa hizo ulianza na mwaka wa fedha wa 2024, yaani Julai 2023. Za mwaka wa kwanza zilikuwa kwenye bajeti, Hogan akazikalia. Basi ruhusa ipo, mfuko umefungwa! Ni gavana aliyemfuata, Wes Moore, aliyezifungulia, Januari 2023, mara tu alipoapishwa.

Mtu atasema, si wafundishwe tu kazini? Kliniki inayofundisha huenda polepole. Mkufunzi anasimama kwa mwanafunzi hatua kwa hatua, wagonjwa wanaohudumiwa siku hiyo wanapungua, na mapato nayo yanashuka. Juu ya hapo kuna bima ya makosa ya kitaaluma. Bila ruzuku, kliniki ndogo itakukatalia kwa upole, na siilaumu.

California walianzia upande mwingine: majaribio kwanza, sheria baadaye. Kati ya 2007 na 2011, mradi wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco uliwapitisha wauguzi, wakunga na wasaidizi wa madaktari darasani, kwenye mtihani, kisha kwenye vitendo: siku zisizopungua 6, na wagonjwa wasiopungua 40 wa kufyonza mimba chini ya usimamizi. Katika huduma 11,487 zilizochambuliwa, matatizo yalikuwa asilimia 1.8 kwao na 0.9 kwa madaktari, mengi yakiwa madogo, na tofauti hiyo ilikuwa ndani ya kiwango kilichowekwa kabla. Mwaka 2013 Gavana Jerry Brown akatia saini AB 154, sheria iliyowaruhusu.

Sasa hao 40 unawapata wapi? Siku hizi zaidi ya nusu ya huduma hizi Marekani hufanyika kwa vidonge, kwa hiyo wa kufyonza ni wachache. Na foleni ni ndefu: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Juni 2022, ulioachia kila jimbo lijiamulie, madaktari wanaosomea magonjwa ya wanawake katika majimbo yaliyopiga marufuku hulazimika kwenda majimbo mengine kujifunza. Kila mmoja anahitaji kibali cha jimbo, bima, mkataba kati ya hospitali mbili na pa kulala. Karatasi moja ikichelewa, nafasi imekwenda.

Wanaodhani ni suala la kushika pampu ya kufyonzea tu wanakosea. Unajifunza kukadiria wiki kwa mkono na kwa utrasaundi, kutia ganzi mlango wa kizazi, kuchagua mrija kulingana na ukubwa wa mimba. Halafu kuna hatua ambayo wenye haraka huiruka: kuviweka majini vilivyotoka na kuvitazama kwenye mwanga. Usipoona unachotarajia, huenda mabaki yamo ndani, au mimba imetunga nje ya kizazi, na hiyo huua.

Pampu yenyewe mnaijua, ndiyo ile MVA, ya kufyonza kwa mkono, ya kumsaidia mama ambaye mimba imeharibika na anavuja damu. Ndiyo maana ukizuia mafunzo unamgusa na huyo. Kenya mliliona hilo: Katiba, ibara ya 26, inazungumzia mtaalamu wa afya aliyepata mafunzo, lakini Februari 2014 Wizara ya Afya ikawakataza wahudumu kuhudhuria mafunzo hayo. Mahakama Kuu ilikuja kulitengua katazo hilo Juni 2019.

Kwa manesi mnaopiga hesabu za kuja huku: kufaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, hakukuingizi kwenye kundi hili. Unahitaji shahada ya uzamili au uzamivu, mtihani wa ubingwa, na leseni ya jimbo linaloruhusu, Texas haimo. Kabla ya kulipa ada, kiulize chuo kwa maandishi ni kliniki gani itakupokea kwa vitendo, maana vipo vinavyomwachia mwanafunzi ajitafutie mwenyewe.