Viu za Cassandra: Kolamu Moja Tu ya Nje Kwenye Ufunguo Mkuu

Habari zenu wapenzi wa data, karibuni tena. Leo tunatengeneza viu ndani ya Cassandra, hifadhidata inayogawanya data kwenye kompyuta nyingi. Viu ninazosema ni nakala za jedwali zilizopangwa kwa ufunguo mwingine, zile zinazohifadhiwa kwenye diski kama jedwali kamili na kujisasisha zenyewe kila jedwali mama, yaani lile zilikotoka, linapobadilika. Kazi hii naipenda sana, na bado kuna sehemu yake moja iliyowahi kunitoa jasho. Tukifika hapo nitawasimamisha. Nitawasimamisha zaidi ya mara moja, mnivumilie.

Haya, terminali hii hapa. Ngoja nikuze maandishi kwanza, maana wengi wenu mnaangalia kwa simu. Sasa je? Vizuri.

Ninawasha konteina ya Cassandra toleo la 4.1 kwa Docker:

docker run --name cass -d -p 9042:9042 cassandra:4.1

Docker yenyewe sitaieleza leo. Konteina ikishawaka, usikimbilie kutengeneza viu, itakataa. Viu ziliingia kwenye toleo la 3.0, Novemba 2015, zikapokelewa kwa shangwe. Baadaye watengenezaji wenyewe wakazitangaza kuwa bado ziko kwenye majaribio, na kuanzia toleo la 4.0 zinakuja zikiwa zimezimwa. Kwa hiyo unaziwasha mwenyewe kwenye faili la cassandra.yaml:

docker exec cass sed -i 's/materialized_views_enabled: false/materialized_views_enabled: true/' /etc/cassandra/cassandra.yaml

docker restart cass

Kama uko kwenye 4.0, jina la mpangilio huo limegeuzwa, ni enable_materialized_views. Maana ni ileile.

Sasa naingia cqlsh, ile programu ya kuandikia Cassandra amri... imekataa muunganisho. Mnaona? Sikati kipande hiki, kibaki, kwa sababu na kwako itatokea. Konteina inaonekana imewaka, lakini Cassandra ndani yake bado inaamka. Haijaharibika, usifute kitu. Vuta subira dakika moja hivi, jaribu tena. Mimi hapa huwa nakunywa chai ya tangawizi isiyo na sukari... Tujaribu. Bado. Tena. Imeingia!

Mfano wetu wa leo ni mizigo ya mabasi. Kila mtu anaujua utaratibu: ndugu yako yuko Dar, anapeleka kifurushi kituo cha Magufuli pale Mbezi, kinaandikwa, kinapanda basi, wewe unakwenda kukichukua Dodoma au Morogoro kwa kutaja namba ya simu. Jedwali mama ni hili:

CREATE KEYSPACE mabasi WITH replication = {'class': 'SimpleStrategy', 'replication_factor': 1};

USE mabasi;

CREATE TABLE mizigo (tawi text, namba text, simu text, hali text, shelfu text, PRIMARY KEY (tawi, namba));

Tawi ni mahali mzigo unakofikia. Ufunguo mkuu ni tawi na namba ya mzigo. Tawi ndilo linaloamua mstari ukae kwenye patisheni gani, yaani nodi zipi, kompyuta zipi za klasta, zitautunza. Hapa nina nodi moja ya mazoezi, kwenye klasta ya kweli unakuwa nazo tatu na kuendelea.

Naingiza mizigo mitatu harakaharaka, nabandika tu. M-204 wa Dodoma, simu 0711, hali njiani. M-205 wa Dodoma, simu 0722, hali imefika. Na M-206 wa Dodoma, hali imefika, shelfu B3, na huu sijauwekea simu. Mkumbuke huo M-206. Nimeuacha bila simu kwa makusudi.

Mteja anakuja dirishani: "Naomba mzigo wangu, simu yangu 0711." Swali hilo jedwali mama haliliwezi vizuri, kwa sababu simu haimo kwenye ufunguo. Ukiongeza ALLOW FILTERING litajibu, ila kwa kupekua kila kitu kwenye kila nodi. Kwa mizigo mitatu hutaona tofauti. Kwa milioni tatu karani atasubiri na foleni itafika barabarani.

Ndipo viu inapoingia:

CREATE MATERIALIZED VIEW mizigo_kwa_simu AS SELECT * FROM mizigo WHERE simu IS NOT NULL AND tawi IS NOT NULL AND namba IS NOT NULL PRIMARY KEY (simu, tawi, namba);

Imekubali, na imetoa onyo lile la majaribio. Jina la viu mimi huliandika hivyo, jedwali kisha "kwa" kisha kolamu, ili hata mwenzangu aliyeingia kazini jana ajue inatafutwa kwa kitu gani.

Sasa tazameni ufunguo. Sheria ya kwanza: kila kolamu iliyoko kwenye ufunguo wa jedwali mama lazima iwemo kwenye ufunguo wa viu. Tawi ipo, namba ipo. Mpangilio ni wako, unaweza kuanza na yoyote, lakini kuacha hata moja huruhusiwi. Sababu inaeleweka: mstari mmoja wa jedwali mama lazima uwe na mstari wake mmoja wa viu. Ukiacha namba, mizigo miwili ya simu moja kwa tawi moja itagongana na mmoja utaufunika mwingine.

Sheria ya pili ndiyo iliyonifanya niwashe kamera leo. Kwenye ufunguo wa viu unaruhusiwa kuongeza kolamu moja tu ambayo haimo kwenye ufunguo wa jedwali mama. Moja. Tumeshaitumia, ni simu. Tujaribu kuongeza hali, maana karani angependa kuuliza "mizigo ya 0711 iliyofika":

CREATE MATERIALIZED VIEW mizigo_kwa_simu_na_hali AS SELECT * FROM mizigo WHERE simu IS NOT NULL AND hali IS NOT NULL AND tawi IS NOT NULL AND namba IS NOT NULL PRIMARY KEY ((simu, hali), tawi, namba);

Imekataa. Inasema huwezi kuweka zaidi ya kolamu moja isiyo ya ufunguo. Ukiitoa hali kwenye mabano ya patisheni ukaiweka nyuma, itakataa vilevile.

Wengi wakifika hapa hukasirika, wanaona ni uvivu wa watengenezaji. Sio uvivu. Nichoree kwenye karatasi, kamera naishusha kidogo... hapo. Kalamu inaonekana? Haya.

Cassandra haina nodi kuu ya kuamua ugomvi. Kila thamani inaandikwa na muhuri wa muda, na mihuri ikipishana mkubwa unashinda. Ikilingana, kufuta kunashinda kuandika. Shikeni hilo la mwisho: mihuri ikilingana, kufuta kunashinda.

Kwenye viu yenye kolamu moja ya nje, mstari unachukua muhuri wa kolamu hiyo. Simu 0711 imeandikwa muhuri 1. Ikabadilishwa kuwa 0722 kwa muhuri 5. Mstari wa 0711 unafutwa kwa muhuri 1, yaani unawekewa alama ya kufuta yenye muhuri huo, na mstari wa 0722 unazaliwa kwa muhuri 5. Mteja anasema hapana, rudisha 0711, muhuri 9. Mstari wa 0711 unarudi na 9, alama ya kufuta ina 1, tisa inashinda. Safi.

Sasa weka kolamu mbili, simu na hali. Mstari mmoja wa viu, mihuri miwili. Utachukua upi?

Tuchukue mdogo. Simu 0711 ina muhuri 1, hali njiani ina muhuri 10. Mstari wa 0711-njiani unapata 1. Karani anabonyeza imefika kimakosa, muhuri 11. Mstari wa zamani unafutwa kwa 1. Anagundua, anarudisha njiani kwa muhuri 12. Mstari wa 0711-njiani unatakiwa kurudi, na muhuri mdogo kati ya 1 na 12 ni uleule 1. Alama ya kufuta nayo ni 1. Kufuta kunashinda. Mzigo upo kwenye jedwali mama, kwenye viu haupo.

Basi tuchukue mkubwa. Simu ina 1, hali ina 10, mstari unapata 10. Kuna kishikwambi cha karani ambacho saa yake iko nyuma, na mihuri kwa kawaida hutoka kwenye programu inayoandika. Kinabadilisha simu kuwa 0722 kwa muhuri 2. Mabadiliko ni halali, mbili ni kubwa kuliko moja. Mstari wa 0711-njiani lazima ufutwe, na ili ufutike alama inahitaji muhuri 10. Kishikwambi kilekile kinarudisha 0711 kwa muhuri 3. Mstari unarudi na mkubwa kati ya 3 na 10, yaani 10. Alama ya kufuta 10. Umepotea tena.

Ukichagua mdogo unapoteza mizigo, ukichagua mkubwa unapoteza mizigo. Kwa hiyo wamefunga mlango huo, na mimi nawashukuru. Mfumo unaokukatalia mchana kweupe ni bora kuliko unaokubali kisha unaficha mzigo wa mtu usiku.

Ufanyeje basi? Kwa swali letu, mimi naacha viu ileile ya simu, nasoma mizigo yote ya 0711, nachuja hali ndani ya programu. Mtu mmoja ana mizigo mingapi? Michache. Njia nyingine ni programu iandike jedwali la pili yenyewe, kwa BATCH, yaani amri kadhaa zinazotumwa kama kundi moja, na wewe ubebe jukumu la kulitunza. Mtu atasema hamishia simu kwenye ufunguo wa jedwali mama, isihesabike tena kuwa ya nje. Inawezekana, lakini kolamu ya ufunguo haibadilishwi kwa UPDATE. Mteja akibadilisha namba inabidi ufute mstari uandike upya. Kwa simu sishauri.

Sasa simameni. Hapa ndipo nilipowahi kuumiza watu.

Rudini kwenye ile IS NOT NULL. Unaiandika kwa sababu usipoiandika amri inakataliwa, mkono unazoea, macho yanapita. Mimi yalipita. Maana yake ni hii: mstari wa jedwali mama ambao kolamu hiyo ni tupu hauingii kwenye viu. Kosa halitoki, onyo halitoki. Tazameni:

SELECT namba FROM mizigo;

Mitatu: M-204, M-205, M-206.

SELECT namba FROM mizigo_kwa_simu;

Miwili. M-206 haupo.

Nilijenga mfumo wa namna hii kwa kampuni moja ya mabasi. Mama mmoja alikuja dirishani siku mbili mfululizo kuulizia dawa za mtoto. Karani alitafuta kwa simu, akamwambia hazijafika. Dawa zilikuwa shelfuni, nyuma yake, tangu siku ya kwanza. Aliyeandika mzigo kule zilikotoka aliruka sehemu ya simu. Mfumo ulijibu sawasawa na nilivyouagiza, na kosa lilikuwa langu. Siku ya tatu alikuja na risiti mkononi ndipo tukauona.

Kwa hiyo nasema tena: kolamu tupu, mstari nje ya viu. Na sio wakati wa kuingiza tu. Ukiifuta simu ya mzigo uliokuwa nayo, mstari unatoka kwenye viu. Narudia kwa sababu utasahau, mimi nilikuwa nimesoma na nikasahau.

Dawa yake: usiruhusu programu iandike simu tupu. Mtumaji asipokuwa na namba ya mpokeaji, weka neno maalumu pamoja na tawi:

UPDATE mizigo SET simu = 'HAINA-DODOMA' WHERE tawi = 'DODOMA' AND namba = 'M-206';

SELECT namba, shelfu FROM mizigo_kwa_simu WHERE simu = 'HAINA-DODOMA';

M-206, shelfu B3. Karani akimkosa mtu kwa simu, anafungua orodha ya HAINA ya tawi lake kabla ya kumwambia mtu arudi kesho. Tawi nimeliunganisha kwa makusudi, ili mizigo yote ya nchi isiyo na simu isirundikane kwenye patisheni moja.

Na hilo la kurundikana linahusu viu hii ya mwisho:

CREATE MATERIALIZED VIEW mizigo_kwa_hali AS SELECT * FROM mizigo WHERE tawi IS NOT NULL AND hali IS NOT NULL AND namba IS NOT NULL PRIMARY KEY (tawi, hali, namba);

Kolamu ya nje ni moja, hali, imekubaliwa. Ningeanza na hali pia ingekubali, lakini kila mzigo uliofika nchini ungekaa patisheni moja, na nodi zinazoitunza zingelemewa huku nyingine zimekaa.

Usizitengeneze kumi. Kila viu inailazimisha nodi kusoma mstari wa zamani kabla ya kuandika mpya, na uandishi unapungua kasi. Mimi nikifika ya tatu najiuliza upya kama jedwali mama nililipanga vizuri.

Kwenye jedwali lenye data nyingi, viu haijai papo hapo. Unaangalia hivi, nje ya cqlsh:

docker exec cass nodetool viewbuildstatus mabasi mizigo_kwa_simu

Subiri ijibu "has finished building", yaani nodi zote zimemaliza, kabla ya kumpa karani aitumie. Na ukitaka kufuta jedwali la mizigo, anza na viu zake, DROP MATERIALIZED VIEW, moja baada ya nyingine, la sivyo Cassandra haitakuruhusu.

Amri zote nimeziweka chini ya video. Ukikwama, niandikie kwenye maoni ufunguo wa jedwali mama lako na ule wa viu unayoitaka, vyote viwili, nami nitaviangalia.